SOMO LA AFYA: MKONO UNAOVIMBA BAADA YA MATIBABU YA SARATANI YA TITI



Katika shamba moja la chai mwanachama wetu alirudi kazini baada ya kupasuliwa titi. Mwezi wa nane mkono wake ukavimba. Kilo zake zilipopungua, nyapara alisema ni uvivu. Mwenyewe alidhani amerogwa. Si uvivu wala si uchawi.

SABABU. Mwilini, mbali na damu, mna maji yaitwayo limfu. Hupita katika mishipa myembamba na kuchujwa kwenye tezi, zile ambazo zikivimba huitwa mitoki. Katika kutibu saratani, daktari huenda akaondoa tezi za kwapani au akazipiga mionzi. Hapo maji huweza kukwama mkononi, kama mtaro wa shamba ulioziba. Si kila mgonjwa hupata uvimbe huu, lakini unaweza kuanza hata baada ya miaka.

DALILI. Pete au nguo hubana, mkono huwa mzito, ngozi hukaza. Usingoje. Mara nyingi uvimbe hauishi kabisa, lakini ukiwahiwa hutulizwa.

LA KUFANYA
1. Osha mkono, ukaushe, upake mafuta. Vaa glavu unapochuma, unapopalilia na unaposhika dawa za shamba. Mchubuko wowote uoshwe mara moja kwa maji safi na sabuni.
2. Usiuache mkono bila kazi. Zamani wagonjwa walikatazwa kuutumia. Siku hizi inajulikana kwamba mazoezi husaidia. Kunja na kunjua ngumi, inua mkono, ongeza uzito polepole.
3. Unapopumzika, uweke juu ya mto.
4. Soksi ya mkono ya kubana ipimwe na mtaalamu. Bandeji iliyofungwa ovyo hudhuru.
5. Usichanjwe chale, wala usikande kwa maji ya moto.
6. Mkono ukiwa mwekundu na wa moto, au ukipata homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo: huenda vijidudu vimeingia. Uvimbe wa ghafula au maumivu mapya pia yaonwe na daktari.

KAZINI. Kamba ya kikapu isikate bega la upande ule. Mwombe daktari aandike kazi unayoweza na usiyoweza. Mwakilishi wa tawi aipeleke barua hiyo kwa meneja pamoja na barua ya chama, na abaki na nakala. Maneno ya mdomo husahaulika.

Mwanachama wetu alifanya hivyo. Barua ya kwanza haikujibiwa, ya pili ilikataliwa. Baada ya ya tatu alihamishiwa kitalu cha miche kwa mshahara ule ule. Mkono haujarudi kama zamani, lakini anafanya kazi na watoto wanasoma.

MASWALI YA KUZUNGUMZA TAWINI
1. Je, glavu zinatolewa kwa wote hapa kwetu?
2. Anayelipwa kwa kilo akiugua, nani atamsemea?
3. Ni kazi zipi nyepesi tunazoweza kumwonyesha meneja?