SOMO: Dalili za Hatari kwa Mama Mwenye Mimba

Ya kusoma: Luka 8:43-48, Yohana 9:1-3



Mwaka 2012, na tena tangu mwisho wa 2022, ndugu zetu wengi walivuka mpaka kutoka Kivu ya Kaskazini wakapokelewa Nkamira, hapa Rubavu. Kati yao walikuwemo wamama wenye mimba. Mama akipoteza mimba, huzuni yake huongezewa maneno ya watu: amerogwa, ana dhambi ya siri, ameitoa mwenyewe. Somo hili linatufundisha mambo mawili: kumsaidia mama mapema, na kunyamazisha maneno hayo.

1. Mimba kutoka ni nini?

Shirika la Afya Duniani (OMS) linaita hivyo mtoto anapopotea tumboni kabla ya juma la 28. Kati ya mimba 100 zilizojulikana, karibu 10 hadi 15 hutoka, na nyingi hutoka katika miezi mitatu ya kwanza. Basi si jambo geni, hata kama wamama wengi hulificha.

2. Sababu zake

Karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema, mtoto hakuumbika sawa tangu mwanzo, yai la mama na mbegu ya baba zilipoungana. Hilo si kosa la mama wala la baba. Halitokani na ugomvi wa nyumbani wala na kijicho cha jirani.

Lakini yako mambo yanayoongeza hatari: malaria, kaswende, ugonjwa wa sukari usiotunzwa, tansio ya juu, pombe, tumbako, na umri wa kupita miaka 35. Aliyetoka sehemu za baridi za milimani, mwili wake haujazoea malaria. Ikimshika akiwa na mimba inaweza kuwa kali sana. Kwa hiyo alale ndani ya chandarua kila usiku.

3. Dalili za hatari

a) Kutoka damu, hata kidogo.
b) Maumivu ya tumbo au kiuno yanayokuja na kurudi.
c) Maji kutoka kabla ya wakati.
d) Homa, au uchafu wenye harufu mbaya.
e) Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, au ya bega, pamoja na kizunguzungu. Huenda mimba imekaa nje ya kizazi, na hiyo huua haraka.
f) Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso kuvimba.
g) Mtoto aliyekuwa akicheza kupunguza au kuacha kucheza.

Damu kidogo haimaanishi kwamba mimba lazima itoke. Wengi waliiona wakazaa salama. Lakini hakuna anayeweza kujua kwa kuangalia tu, inafaa kupimwa.

4. Tufanye nini?

Mama aende kituo cha afya siku ileile. Kama damu inajaza kitambaa kwa muda wa saa moja, au mama anazimia, msingoje asubuhi: mwiteni mshauri wa afya wa mudugudu, au pigeni 912, ambayo hailipishwi, apelekwe hospitali. Asinywe dawa za majani, wala asiingize kitu chochote ukeni. Baba aende naye, abebe karatasi zake za kliniki. Waulize pia aina ya damu yake, kwa maana wamama wengine huhitaji sindano ili mimba inayofuata isipate shida.

Wengine hukaa nyumbani kwa kuogopa kushitakiwa kwamba wametoa mimba. Mama, usife kwa sababu ya aibu. Mwambie muuguzi ukweli wote.

Na msingoje shida. Tangu 2016 OMS inashauri mama apimwe angalau mara 8, na mara ya kwanza kabla ya juma la 12.

5. Kazi ya kanisa

Mama wa Luka 8 aliteseka na damu miaka 12, akatumia mali yake yote kwa waganga. Yesu hakumkaripia kwa kutafuta matibabu, alimwita binti. Na katika Yohana 9, wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi, alikataa kutupa lawama. Nasi tukatae. Tuombe, lakini tuombe tukiwa njiani kwenda hospitali.

Aliyepoteza mimba amefiwa. Tumpikie, tumtekee maji, tumwache apumzike. Tusimwulize atabeba lini nyingine. Na baba naye analia moyoni; wazee wa kanisa wamkumbuke.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
- Usiku wa shida, ni nani katika mudugudu wetu atakayeitwa kwanza?
- Nani atabaki na watoto?
- Ni maneno gani tuliyozoea kumwambia mama aliyepoteza mimba, ambayo inafaa tuyaache?

Bwana awalinde wamama wetu na watoto walio tumboni.