Hukumu na Makao

Soma: Yoshua 20:1–6



Waisraeli waliagizwa kutenga miji ya makimbilio. Aliyeua mtu bila kukusudia alikimbilia humo. Angalieni mambo mawili: mkutano ulimhukumu, na wazee wa mji walimpa mahali pa kukaa. Hukumu na makao vilikwenda pamoja.

Mataifa nayo yana mahakama zao. Moja ilikuwa kwa jirani zetu Arusha. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiunda mwaka 1994, ili kuwahukumu wakuu wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mwaka 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kutoa hukumu ya kosa hilo. Hata ilipofungwa, tarehe 31 Desemba 2015, ilikuwa imeshitaki watu 93. Kati yao 62 walihukumiwa kifungo, na 14 waliachiwa huru. Hiyo si kazi ndogo.

Lakini mahakama ile haikuwa na polisi wa kukamata watu. Ilitegemea nchi walimojificha. Félicien Kabuga alishitakiwa mwaka 1997, akakamatwa Ufaransa mwaka 2020. Mwaka 2023 majaji walisimamisha kesi yake kwa kuwa akili yake ilikuwa imedhoofika.

Tena, mahakama iliweza kumwachia mtu, isiweze kumpatia makao. André Ntagerura, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, alionekana hana hatia mwaka 2004, na rufani ikathibitisha hivyo mwaka 2006. Hata hivyo alibaki Arusha miaka mingi, kwa kuwa aliogopa kurudi kwao na nchi nyingine hazikumpokea. Baraza la Usalama liliziomba nchi zisaidie, kulazimisha halikuweza. Desemba 2021 yeye na wenzake saba walipelekwa Niger. Kabla mwezi haujaisha, serikali ya huko ikawaamuru waondoke.

Hatusemi haya kwa kuwasahau waliofiwa Rwanda. Machozi yao ni ya haki. Twasema tu kwamba sheria hufika mahali ikasimama, na kutoka hapo yatakiwa mioyo ya watu.

Na sisi wa Shirimatunda je? Hakimu wa Moshi aweza kumwachia jirani yetu huru. Hawezi kutuamuru tumpishe kitini kanisani, wala tumsalimu njiani. Wazee wetu wa mlimani wakitaka suluhu hupeleka jani la sale. Jani lile halina askari nyuma yake, lakini ni vigumu kulikataa. Mkristo naye amepokelewa na Mungu bila kustahili. Atamfungiaje mlango aliyekwisha kuachiwa?

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Kwa nini wazee wa mji walitakiwa kumpa makao mtu aliyekimbilia kwao?
2. Je, yuko mtu mtaani kwetu aliyeachiwa na mahakama, nasi tungali tunamhukumu?
3. Tutafanya nini juma hili ili kumpokea?