Dondoo muhimu: Kuisoma Nachingwea na Ruponda chini ya mikorosho

Usianze na picha. Anza na shikamoo kwa mzee aliyekaa barazani, kisha muulize njia, si historia: "Babu, reli ilipita wapi?" Swali hilo hufungua mengi. Reli ya Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951, ilifungwa 1962 na vyuma vikang'olewa. Kilichobaki ni tuta. Ukiona kilima chembamba kilichonyooka mno kuwa kazi ya mvua, tembea juu yake.

Ukifika Ruponda, uliza habari za vita vya Wajerumani. Ghala la chakula la jeshi la kamanda wao, Lettow-Vorbeck, lilikuwa hapa, na Waingereza waliliteka Oktoba 1917, siku chache kabla ya mapigano makali ya Mahiwa. Ukikuta chuma cha zamani cha vita shambani, usikiguse. Mwite mwenyekiti wa kijiji.

Kisha kuna Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, na hapa usiwe na haraka. Wapiganaji wake walifunzwa Nachingwea, Samora Machel akiwa miongoni mwa viongozi wao, hadi uhuru wa nchi yao mwaka 1975. Waliowauzia mihogo wapo bado, wengine bibi zetu. Beba daftari, kwani simu ikitolewa mapema, wengi hunyamaza. Karibu na kambi ya jeshi, iache kabisa mfukoni.

Nenda kiangazi, kabla korosho hazijaanza kudondoka. Msimu ukifika, kila mtu yuko shambani, na wewe utapewa kikapu uokote.