Dondoo muhimu: Samaki wa urembo anapogoma kula

Samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa, mbuna, akitolewa Kyela hadi Makongolosi wilayani Chunya hupita baridi ya Mbeya kisha kushuka tena kwenye joto la huko. Akifika amechoka, usimlishe siku hiyo. Zima taa ya tangi, mwekee mawe ya kujificha, mwache.

Kabla ya kulaumu chakula, angalia maji. Mbuna hupenda nyuzi 24 hadi 28 na maji yasiyo na uchachu. Badilisha robo ya maji, si yote. Maji ya bomba yenye klorini yalale wazi kwenye ndoo usiku kucha. Ya kisima kilicho jirani na wachenjuaji wa dhahabu usiyaguse kabisa; zebaki wanayotumia haionekani majini kwa macho.

Chakula kisicholiwa ndani ya dakika tano kitoe, kikioza kinazalisha amonia. Jaribu mchicha uliochemshwa kidogo au njegere zilizomenywa. Mbuna wengi hula mwani wa kwenye mawe, hivyo nyama huwavimbisha tumbo. Akivimba na kutoa kinyesi cheupe chembamba, mtenge upesi.

Ila mtazame kidevu. Jike la mbuna hulelea mayai mdomoni kwa takriban wiki tatu, na muda huo kwa kawaida halili. Kidevu kimetuna, anatafunatafuna hewa? Huyo si mgonjwa, mzazi. Mwenye haraka humvurumisha kwa kijiti na jike hutema au kumeza mayai yote.