Kazi Zinapogeuka: Ufundi ni Fardhi ya Mji

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye kurehemu.

Ama baad: riziki iko kwa Mola, walakini milango yake haikai hali moja. Kazi iliyomlisha babu huenda isimlishe mjukuu, na kazi ambayo babu hakuijua hata jina lake yaweza kuwa ndiyo tegemeo la mjukuu. Darasa hili lakusudia kubainisha jambo moja: kwamba mtu ahamapo kutoka kazi hii hata kazi nyingine, limfaalo zaidi si ujira bali ni ufundi, na ufundi ukikosekana katika mji, deni ni la mji mzima, si la yule kijana peke yake.

HUKUMU YA JAMBO HILI

Wanavyuoni wamezigawa fardhi mafungu mawili. Fungu la kwanza ni fardhi ya kila mtu, kama sala tano, ambayo hapana awezaye kumfanyia mwenziwe. Fungu la pili ni fardhi kifaya: wakiitimiza baadhi ya watu, wengine wamesalimika, wakiiacha wote, wote wana dhambi. Watu wengi wasikiapo fardhi kifaya hukumbuka jeneza tu. Lakini Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihyaa aliingiza humo utabibu na hisabu, tena ukulima, ufumaji na ushonaji, kwa kuwa watu hawawezi kusimama bila ya hayo. Akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika elimu ya fikihi, na huku miji mingine haina tabibu Mwislamu hata mmoja.

Tena si fedheha mkono kuwa na masizi. Nabii Daudi, amani iwe juu yake, alilainishiwa chuma akafunzwa kutengeneza deraya, naye alikula kwa kazi ya mkono wake. Na Nabii Zakaria alikuwa seremala. Basi amdharauye fundi na ajue ni nani anaowadharau.

MFANO WA NCHI YA UNGONI

Maposeni ni kata ya Wilaya ya Songea, mkoani Ruvuma, jirani na Peramiho. Imo katika ile nchi ya Njelu iliyotawaliwa na ukoo wa Gama. Watu wa mwambao hawakosi kuwajua Wangoni, kwani wazee wa Tanga na Pangani waliwaona kwa macho katika mashamba ya mkonge. Katika karne ya 19 kazi ya mwanamume wa Kingoni ilikuwa vita na ufugaji. Wadachi waliweka kodi ya nyumba mwaka 1897. Kisha vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hata 1907, vikaiangamiza nchi. Nkosi Mputa wa Njelu akanyongwa mwaka 1906, na njaa ikafuata. Kazi ya mkuki ikakoma, na kodi ikabaki.

Wakashika njia ya mkonge. Mmea huo uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kwa hiyo kidogo yakaota mashamba makubwa ya Tanga. Waliotoka mbali waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa nambari. Nao kwa kawaida waliwekwa kukata majani, kuyafunga mafungu na kuyapeleka kwenye reli ya shamba. Mashine ya kukwangua singa, ufundi wa injini na hesabu za ofisi vilikuwa mikononi mwa wengine. Mchunguzi P. H. Gulliver alitoa kitabu mwaka 1955 juu ya safari hizo za Wangoni na Wandendeule. Mtu alikwenda kutafuta fedha ya kodi, ya nguo na ya mahari, na jembe nyumbani likabaki kwa mkewe na wazee.

Hapa pana mazingatio. Aliyekata majani miaka 5 alirudi na kanzu na blanketi, lakini mkono wake haukurudi na jambo lolote la kumfaa Maposeni, kwa kuwa kwao hapana mkonge. Kanzu ilipochakaa, hana budi arudi Tanga. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa mkonge karibu na tani 230,000. Kisha kamba za nailoni na plastiki zikaenea ulimwenguni, bei ikaanguka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno ya mwaka hayakufika tani 30,000. Mlango ukafungwa, na aliyekuwa hana ila nguvu za mwili hakubakiwa na kitu cha kuuza.

Linganisha na wale waliobaki nyumbani wakashika tumbaku ya moshi. Kazi hii ni ufundi: majani hutundikwa katika bani, moto wa kuni huwashwa chini, na mwenye bani hukesha akiutazama. Moto ukizidi, jani huungua. Ukipungua, jani huoza. Kisha yapangwe kwa madaraja, kwani mnunuzi hulipa kwa daraja. Mwaka 1936 ukaundwa ushirika wa Ngoni-Matengo wa kuuza tumbaku hiyo, na ushirika hauendi bila ya ajuaye mizani na kuandika daftari. Basi elimu hiyo ilikaa nchini, baba akamrithisha mwana. Manamba na mkulima wa tumbaku wote wawili walipata fedha. Lakini mmoja alipata fedha peke yake, na mwingine fedha pamoja na elimu ya kuitafuta nyingine.

MILANGO YA LEO

Mwaka 2018 njia kubwa ya umeme kutoka Makambako ilifika Songea, mji uliokuwa ukiendeshwa kwa mitambo ya dizeli. Jambo hilo moja hugeuza kazi nyingi. Mashine ya kusaga mahindi iliyohitaji fundi wa dizeli yahitaji sasa fundi wa mota. Nyumba zataka wa kutandaza nyaya. Na wa kuchomelea milango hufungua karakana mahali ambapo jana hapakuwa na cheche. Kule Mbinga makaa ya mawe ya Ngaka yamechimbwa tangu mwaka 2011, nayo hubebwa kwa malori yanayotaka madereva, mafundi wa breki na wa magurudumu. Pikipiki na simu nazo zina mafundi wake.

Lakini kazi kuja ni jambo moja, na wenyeji kuiweza ni jambo jingine. Mlango ukifunguka na mwenyeji hana ufundi, hualikwa fundi kutoka mbali, na mwenyeji huchukuliwa kubeba mizigo: hiyo ni nambari ya manamba imerudi kwa jina jipya. Jirani na Maposeni, watawa wa Peramiho waliofika mwaka 1898 walijenga karakana na hospitali pamoja na kanisa lao. Mwislamu atazamaye hayo asiwahusudu. Na ajiulize swali la Ghazali: je, katika msikiti wetu yuko nani wa kusimama mahali hapo?

Wala mtu wa mwambao asidhani hadithi hii ni ya bara. Bandarini mamia ya wachukuzi walikuwa wakibeba magunia kwa mabega. Yalipokuja makontena, winchi moja ikachukua kazi yao. Aliyejifunza kuendesha winchi alibaki. Aliyekuwa na bega peke yake alikwenda nyumbani.

MASHAURI MATATU

La kwanza: mzazi asimtoe kijana kwenda kazini kwa kuuliza mshahara tu. Na aulize: baada ya miaka mitatu mkono wake utajua nini? Ujira mdogo kwa fundi hodari huenda ukawa bora kuliko ujira mkubwa wa kubeba.

La pili: ajuaye kazi kwa mazoea na atafute shahada yake. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo Songea. Na uko utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi, ambao fundi aliyejifunza chini ya mwembe hupimwa kwa vitendo, hufundishwa pale alipopunguka, akapewa cheti. Wengi hunyimwa kazi si kwa kutojua, bali kwa kukosa ushahidi wa kujua.

La tatu: watu wa msikiti na waketi wahesabu. Mafundi wa umeme ni wangapi? Wauguzi, wapima ardhi, wajuao hesabu za biashara ni wangapi? Palipo na pengo, na wachangiane wamsomeshe kijana mmoja, kama wanavyochangiana sanda. Sanda ni fardhi kifaya ya maiti. Ufundi ni fardhi kifaya ya walio hai.

MUKHTASARI

Kazi hugeuka, wala hazimngoji mtu. Mkuki ulikoma, mkonge ulianguka, gunia limeshuka begani. Aliyebeba nguvu peke yake huachwa njiani kila zinapogeuka. Aliyebeba ufundi huwa na cha kuanzia. Na mji usiohesabu mafundi wake leo, kesho utahesabu watoto wake walioondoka.

Wabillahi taufiki.