Vijidudu Vilavyo Mafuta

Huko Kyela, kakao ikiisha kuvunwa, punje mbichi pamoja na ute wake hutiwa sandukuni na kufunikwa kwa majani ya migomba. Baada ya siku mbili tatu, mtu akitia mkono huona joto, wala hapana moto chini. Joto hilo latoka kwa vijidudu, viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho bila darubini. Navyo vyala ute ule. Na mkulima huigeuza kakao ili vipate hewa.

Viko vijidudu vingine ambavyo chakula chake ni mafuta yatokayo ardhini. Kimoja, kipatikanacho baharini, kilipewa jina mwaka 1998: Alcanivorax borkumensis. Mafuta yakimwagika, huzaana kwa wingi mno.

Mwaka 1989 meli iitwayo Exxon Valdez iligonga mwamba katika jimbo la Alaska, ikamwaga karibu lita milioni 40 za mafuta. Vijidudu vilikuwako, lakini mafuta peke yake ni kama ugali bila kitoweo: yamekosa naitrojeni na fosforasi. Basi watu wakanyunyiza mbolea ufukoni, kama mtu atiavyo mbolea shamba la mpunga, na kazi ikaenda upesi zaidi. Lakini mafuta yaliyojificha chini ya mawe, pasipo hewa ya kutosha, yalionekana yangaliko baada ya miaka 20 na zaidi.

Sasa litazamwe Ziwa Nyasa. Maji ya juu hupata hewa kwa pepo na mawimbi. Lakini tangu kama mita 250 kwenda chini hamna oksijeni, wala samaki hawaishi humo; na kina cha ziwa chafika mita 700. Huko vijidudu vyaweza kula mafuta, ila polepole mno. Tena ziwa lina mlango mmoja tu, Mto Shire, ulio mbali kusini. Maji mengi huondoka kwa jua, nalo jua haliwezi kuchukua mafuta mazito.

Katika bandari ya Itungi, Mto Kiwira huleta matope mengi. Mafuta ya injini yakimwagika hapo, yaliyo mepesi hupaa hewani. Mengine hushikamana na matope yakazama nayo. Juu ya maji hayo wavuvi huvua usipa usiku kwa taa, na asubuhi akina mama huja ufukoni na ndoo kuteka maji ya kunywa.