Injini ya 1HZ katika Land Cruiser kuukuu

SWALI: Bwana Fundi, injini ya 1HD-T ya Land Cruiser yangu ya mfululizo wa 80 imekufa. Hapa Keshero, mtaani Goma, nimepata 1HZ iliyotumika. Je, itaingia?

JIBU: Itaingia, ndugu yangu, kwani injini hizi mbili ni za ukoo mmoja, zenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, na zote zilitiwa kiwandani katika gari la namna hiyo, hata giaboksi na vishikizo huafikiana. Lakini 1HZ haina turbo. Basi Goma, iliyo kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni hafifu, utahisi upungufu wa nguvu ukipanda milima ya Masisi. Mimi naikhitari hata hivyo, maana hustahimili dizeli isiyo safi.

Kabla ya kulipa, iwashe, fungua kifuniko cha oili, utazame: moshi ukifoka kwa nguvu, iache. Hakikisha stata ni ya volti zile zile za gari lako, 12 au 24. Funga mkanda mpya wa taimingi, kisha, kabla ya kuwasha, zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili; ikigoma, usilazimishe. Nambari ya injini iandikishwe upya katika hati za gari.